Barua za askari wa Keya: Bahasha ina bei, maneno yanapotea

*Wakusanyaji wa ng'ambo wanazisaka bahasha, mihuri na karatasi za kijeshi zilizopita Afrika Mashariki katika vita viwili vikuu. Habari zilizokuwa ndani ya bahasha hizo, yaani sauti za mababu waliopigana na kubeba mizigo, hazijapata mtetezi.*

Mwaka 1916, vita vya Mjerumani na Mwingereza vikiwa vimepamba moto, Wajerumani walifukia stempu ardhini huko Mohoro, upande wa Rufiji. Zilikuwa stempu mpya ambazo hazikuwahi kusafirisha barua hata moja.

Zilikuwa zimepigwa chapa mwaka huohuo katika mtambo wa misheni ya Vuga, milimani Usambara. Waingereza walikuwa wameifunga pwani, meli za Ujerumani hazipiti, na akiba ya stempu ilikuwa ikielekea kwisha. Misheni ikachapa stempu za thamani tatu: heller mbili na nusu, heller saba na nusu, na rupia moja.

Kabla hazijaanza kutumika, meli iitwayo Marie ilipenya kizuizi hicho na kutia nanga katika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, mwezi Machi. Ndani ya shehena yake kulikuwa na stempu kutoka Ujerumani. Zile za Vuga zikakosa kazi, na ili zisiangukie mikononi mwa adui, zikafukiwa.

Mwaka 1921, vita vikiwa vimekwisha na nchi ikiwa chini ya Mwingereza, zilifukuliwa, zikapelekwa Berlin na kuuzwa kwa wakusanyaji. Hadi leo katalogi za stempu zinaziorodhesha kwa jina la Wuga, kama Wajerumani walivyokuwa wakiliandika.

Katika nchi hiyohiyo, mwaka uleule wa 1916, maelfu kwa maelfu ya askari na wapagazi walikuwa wakitembea kwa miguu kutoka Moshi hadi Rufiji, na kutoka Tabora hadi Mahenge. Waliojua kuandika waliandika. Wasiojua waliandikiwa. Karatasi zao hazikupata aliyejisumbua kuzifukia, sembuse kuzifukua.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Kwa zaidi ya miaka 100 karatasi za vita za Afrika Mashariki zimekuwa na soko, lakini soko hilo limejali zaidi kilichobandikwa nje ya barua kuliko kilichoandikwa ndani.

Kinachotafutwa ni nini?

Wakusanyaji wa karatasi za vita wako wa aina mbili, ingawa wengi ni yote mawili kwa pamoja. Wa kwanza hutafuta stempu na mihuri ya posta. Wa pili hutafuta karatasi yenyewe: karatasi za barua zenye kichwa cha kikosi, kambi au chama cha misaada, kadi za posta za jeshi, na bahasha zilizogongwa muhuri wa mkaguzi.

Kwa wote hao, eneo letu ni hazina. Mwaka 1914 majeshi ya India yaliyoletwa kupigana huku yalikuja na stempu za India zilizochapwa juu yake herufi I.E.F. Kikosi kilichoingia kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kilitumia stempu zenye herufi N.F.

Kisiwa cha Mafia, ambacho Waingereza walikiteka Januari 1915, kilikuwa na stempu zilizogongwa jina la kisiwa hicho. Mwaka 1917 stempu za Afrika Mashariki na Uganda zikachapwa herufi G.E.A. kwa ajili ya maeneo yaliyotekwa. Katika vita vya pili, stempu za Uingereza zenye herufi E.A.F. zilitumika Somalia.

Mihuri nayo ina elimu yake. Posta za jeshi katika vita vya pili zilitambulika kwa namba, ili adui akiikamata barua asijue kikosi kiko mji gani. Mkusanyaji hodari anaweza kuitazama namba na tarehe, akakwambia bahasha ilitokea Habeshi (Ethiopia), Bukini (Madagaska), Silon (Sri Lanka) au Burma (Myanmar).

Elimu hiyo isidharauliwe. Njia nyingi za vikosi vyetu zinaweza kufuatiliwa leo kwa sababu watu fulani walikaa miaka mingi wakilinganisha muhuri mmoja na mwingine.

Tatizo ni mizani inayotumika. Bahasha iliyopita katika posta ndogo iliyodumu muda mfupi huwa na thamani kubwa, hata ikiwa tupu. Barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Kiswahili, Kikuyu au Kinyakyusa haimwongezei mnunuzi wa Ulaya kitu ikiwa hawezi kuisoma.

Ndiyo maana zamani watu wengi walikata stempu na kutupa bahasha, na baadaye walipojifunza thamani ya bahasha, wakahifadhi bahasha na kuiacha barua. Kila hatua ilipunguza jambo ambalo mwandishi alikusudia lifike.

> "Bahasha iliyopita posta ndogo kwa muda mfupi ina bei hata ikiwa tupu. Barua ya Kiswahili iliyokuwamo haina katalogi."

Soko hilo pia limezaa udanganyifu. Stempu zenye chapa ya Mafia ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana, kwa kuwa kugonga muhuri juu ya stempu ya kawaida ni kazi nyepesi. Anayenunua bila bahasha, bila tarehe na bila jina la mpokeaji hana la kumsaidia kutambua ukweli.

Kichwa cha karatasi nacho kinasema

Msomaji anaweza kuuliza: karatasi ya barua yenye maandishi ya chapa juu yake ina umuhimu gani?

Katika vita vyote viwili karatasi ilikuwa haba mstari wa mbele. Chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, kilifungua vibanda na mahema ambamo askari walipata chai, mahali pa kukaa na karatasi ya kuandikia bure. Karatasi hiyo ilibeba alama ya chama na maneno ya kuonyesha kuwa mwandishi yuko kazini vitani. Jeshi la Wokovu lilifanya hivyo pia.

Kwa hiyo kichwa cha karatasi hutuambia askari alikaa wapi alipopata nafasi ya kumkumbuka mkewe, nani alimpa kiti, na nani alitaka sifa kwa kumpa kiti hicho.

Kulikuwa pia na karatasi zilizomfunga mwandishi mdomo. Katika vita vya kwanza jeshi la Uingereza lilitoa kadi ya posta yenye sentensi zilizochapwa tayari: mimi mzima, nimelazwa hospitali, nimepata barua yako. Askari alikata zisizomhusu, akatia saini na tarehe. Akiongeza neno lake mwenyewe, kadi ilikuwa ya kuharibiwa.

Wakati mwingine kichwa cha karatasi kilibadilika kuwa silaha ya mwandishi. Mei 1945 Horace Evers, sajenti wa jeshi la Marekani, aliingia katika nyumba ya Hitler mjini Munich, akachukua karatasi zenye jina la Hitler na kuwaandikia watu wa kwao aliyoyaona katika kambi ya mateso ya Dachau.

Mwaka huohuo Richard Helms, ofisa wa ujasusi ambaye baadaye aliongoza CIA, alimwandikia mwanawe Dennis, mtoto wa miaka mitatu, kwa karatasi ya Hitler aliyoipata Berlin. Alimweleza mtoto kwamba mtu aliyepaswa kuandikia karatasi hiyo alikuwa ameitawala Ulaya muda mfupi tu uliopita. Familia iliitunza barua hiyo, na mwaka 2011 ikaingia katika jumba la makumbusho la CIA.

Ukiitenganisha karatasi ya Evers au ya Helms na maneno yaliyo chini yake, unabaki na kumbukumbu ya dikteta. Ukiyaacha maneno bila karatasi, unapoteza nguvu ya kitendo chenyewe. Thamani imo katika kuwa pamoja.

Barua ya askari wa Keya ilipita mikono mingi

Katika vita vya pili, watu zaidi ya 300,000 wa Afrika Mashariki waliingia jeshini. Wengi walikuwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi walilijua kwa jina la Keya, na wengine katika mizinga, uhandisi, udereva, uuguzi na vikosi vya kazi.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilikusanyika Silon mwaka 1943. Mwaka 1944 ikaingia Burma, ikashuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya huko, na mwezi Desemba ikaiteka Kalewa ukingoni mwa mto Chindwin.

Wengi walioondoka nyumbani hawakujua kusoma wala kuandika. Jeshi lenyewe likaanzisha kikosi cha elimu, na walimu wake wakatayarishwa katika Shule ya Jeanes, Kabete. Baadhi ya askari waliandika herufi zao za kwanza wakiwa kambini.

Kabla ya hapo, na hata baada yake, barua nyingi zilikuwa kazi ya mwenzao anayejua kalamu. Askari husema, karani huandika. Kisha ofisa husoma na kukata yasiyotakiwa, na huko nyuma wakaguzi wengine hufungua tena.

Huko kijijini, mwalimu wa shule, katekista au kijana aliyesoma aliwasomea wenye barua kwa sauti, na majirani wakisikiliza. Majibu yakarudi kwa njia ileile.

Anayeisoma barua ya namna hiyo leo lazima ajue haya. Salamu ndefu za mwanzo, kumtaja kila mtu wa nyumba kwa jina, mimi mzima wa afya na hofu ni juu yenu, halafu ndipo dhumuni la barua. Mgeni anaweza kudhani salamu hizo ni za kurukwa. Kwa ukoo, ndizo orodha ya nani alikuwa hai mwaka huo, nani aliishi na nani, na nani ameachwa katika salamu kwa sababu ya ugomvi.

Waswahili husema barua ni nusu ya kuonana. Kwa mwanamke wa Kondoa au Kitui ambaye mumewe alikuwa Burma, nusu hiyo ndiyo yote aliyokuwa nayo.

> "Salamu ndefu ambazo mgeni huziruka ndizo orodha ya nani alikuwa hai mwaka huo."

Barua zenyewe ziko wapi? Nyingi zilikwisha kwa mchwa, moto na unyevu. Kilichobaki katika majalada ya serikali ni ripoti za wakaguzi, ambao walidondoa vipande na kuvifasiri kwa Kiingereza ili wakubwa wajue askari wanalalamikia nini: likizo zinazocheleweshwa, mishahara, habari mbaya za nyumbani.

Wanahistoria wamezitumia sana ripoti hizo, na wamefanya vizuri. Lakini mkaguzi alichagua kilichoihusu serikali. Askari aliyemwandikia mkewe amuuze mbuzi mweusi na asimguse mweupe hakuwa na nafasi katika ripoti.

Sehemu nyingine ya kutazama ni magazeti. Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, lilichapisha barua za askari. Jeshi lilikuwa na magazeti yake ya Kiswahili, likiwamo Askari, na Heshima lililowalenga waliokuwa Silon na Burma. Huko nako kulikuwa na mhariri wa jeshi aliyechuja, lakini walau jina la askari na maneno yake ya Kiswahili vilibaki.

Pande tatu za mvutano

Leo karatasi hizi zinavutwa na watu wa aina tatu, na kila upande una hoja ya kusikilizwa.

Mkusanyaji husema: bila sisi zingekuwa majivu. Tumezinunua kwa fedha zetu, tumezitia katika majalada yasiyo na tindikali, tumeandika vitabu kuhusu mihuri ambavyo vyuo vyenu havikuandika. Hoja hii ina ukweli mzito. Idadi kubwa ya bahasha za vita vya kwanza vya Afrika Mashariki zipo leo kwa sababu mtu wa Berlin au London alizipenda.

Familia husema: hizi ni siri za nyumba. Ndani ya barua ya askari kuna deni la mahari, tuhuma za mke, ugomvi wa shamba, jina la mtoto ambaye baba yake hakutajwa. Kwa nini mgeni asome? Na kwa nini mjukuu mwenye shida ya ada ya shule alaumiwe akiuza bahasha ambayo hakuna aliyewahi kumwambia ina maana?

Mhifadhi wa nyaraka husema: barua moja peke yake ni shahidi dhaifu. Barua 12 za mtu mmoja, zikiwa kwa mfuatano wake, katika kasha lake, pamoja na picha na cheti cha kuachishwa jeshi, ni historia. Muuzaji akizigawa ili kila bahasha ipate mteja wake, mfuatano ule haurudi tena.

Nimezipima hoja hizo tatu, na naona ya tatu ndiyo inayopaswa kuongoza, kwa sababu ndiyo inayoweza kuwatendea haki wengine wawili. Mkusanyaji anaweza kupata bahasha yake na familia ikalinda siri yake, mradi kwanza kifurushi chote kimenakiliwa kikiwa kizima na nakala imebaki kwa wenyewe.

Majina ambayo hayakuandikwa popote

Kuna anayeweza kuona kuwa huu ni mjadala wa watu wenye nafasi ya kucheza na karatasi kuukuu. Namwomba atembee hadi Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam.

Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1927, na mwaka uliofuata Nairobi ikapata ya kwake. Maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Kwenye sanamu hakuna jina hata moja.

Mwaka 2021 Tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti ya kukiri makosa yake. Ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Radhi haileti majina. Majina hutoka katika karatasi: orodha za mishahara, rejesta za hospitali, na barua. Bahasha iliyoandikwa namba ya askari, cheo, jina lake, kikosi chake na jina la mpokeaji kijijini ni ushahidi kamili katika mistari michache.

> "Radhi haileti majina. Majina hutoka katika karatasi."

Tazama mfano wa meli Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mapema Februari 1944 kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, na miongoni mwao mamia ya askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Hao walau wana mahali palipoandikwa majina yao, kama walivyo wenzao walio katika mnara wa Rangoon wenye majina karibu 27,000. Lakini jina juu ya jiwe halisemi mtu huyo alikuwa nani. Barua aliyoiacha posta kabla ya kupanda meli, kama ipo katika sanduku la mtu Machakos au Songea, itasema.

Wengine walifanyaje?

India ilipata bahati ndani ya bahati mbaya. Askari wake waliopigana Ufaransa mwaka 1914 na 1915 walikaguliwa barua zao kama wa kwetu, na wengi waliandikiwa na makarani. Barua nyingi zenyewe zilitawanyika, lakini madondoo ya wakaguzi yalihifadhiwa, na sasa yamo katika Maktaba ya Uingereza. Mwaka 1999 mwanahistoria David Omissi alichapisha mkusanyo wa mamia ya barua hizo, na askari wa Punjab wakasikika tena.

Marekani ilianza na moto. Mwaka 1989 nyumba ya familia ya Andrew Carroll, wakati huo kijana wa chuo, iliungua pamoja na barua zote za nyumbani. Mwaka 1998 aliwaomba Wamarekani, kupitia safu maarufu ya ushauri magazetini, wamtumie barua za vita walizonazo. Zilimiminika. Mwaka 2013 alikabidhi hazina ya barua zipatazo 100,000 kwa Chuo Kikuu cha Chapman, California.

Carroll hakuomba bahasha adimu. Aliomba barua yoyote, ya jenerali au ya mpishi, na akaipa kila moja uzito uleule. Ndiyo maana barua ya Evers ilijulikana.

Nasi tuna mfano wetu wa kujivunia. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi. Ndugu akazitunza. Mwaka 2002 zikachapishwa Dar es Salaam kama *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*, na wasomaji wakamjua mshairi huyo akiwa na mashaka, madeni na matumaini yake, mambo ambayo tenzi zake hazikuyasema.

Miaka hiyo inaingia moja kwa moja katika vita vya pili, ambavyo Shaaban Robert mwenyewe alivitungia utenzi mrefu. Barua zile ziliokoka kwa sababu mtu mmoja nyumbani aliona kuwa karatasi ya ndugu yake haifai kutupwa. Familia za askari zilikuwa na karatasi kama hizo. Zilikosa wa kuziambia.

Sheria inasema nini?

Karatasi ni ya aliyeipokea, na baada yake ni ya warithi wake. Anaweza kuiuza. Maneno ni suala jingine: hakimiliki ni ya aliyeandika, na Tanzania na Kenya sheria humlinda kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hiyo mnunuzi wa barua hapati, kwa ununuzi huo tu, ruhusa ya kuichapisha kitabuni.

Sheria za mambo ya kale hazitusaidii sana. Kwa vitu vinavyohamishika, Tanzania huangalia vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na Kenya kabla ya mwaka 1895. Kwa sheria hizo, barua ya mwaka 1916 au 1944 inaweza kuvuka mpaka bila kikwazo, ndani ya bahasha nyingine.

Sioni kuwa kuziba mipaka ndiyo dawa. Kitu chepesi kama karatasi hakizuiliki, na marufuku yangefukuza biashara ikajifiche. Kinachohitajika ni kuweka uzito upande wa pili: mwenye sanduku awe na mahali pa kulipeleka na sababu ya kulipeleka.

Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya, alionyesha njia. Alikusanya vitabu, sanaa, nyaraka na stempu za Afrika kwa mapenzi makubwa, kisha akahakikisha mkusanyo huo unabaki nchini mikononi mwa umma. Sehemu yake inaonekana leo katika jengo la kumbukumbu za taifa, Nairobi.

Cha kufanya na sanduku la babu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Familia yenye karatasi za jeshi inaweza kuanza leo kwa mambo machache yasiyo na gharama kubwa.

Usitenganishe. Barua ibaki na bahasha yake, na barua zote zibaki katika mpangilio ulimozikuta. Kama zimefungwa kwa uzi, andika kwamba zilifungwa pamoja kabla ya kufungua.

Piga picha kila kitu kwa simu, mbele na nyuma, ukianza na bahasha. Mihuri na herufi ndogo za nyuma ndizo mara nyingi hubeba tarehe na namba ya posta ya jeshi. Peleka nakala kwa ndugu zaidi ya mmoja.

Ondoa pini na klipu za chuma, kwani kutu hula karatasi. Usitumie selotepu wala usipeleke barua kuwekewa plastiki ya moto; vyote viwili huharibu, na plastiki haitoki tena. Weka ndani ya bahasha safi za karatasi, katika kasha lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na mchwa, jua na ukuta wenye unyevu.

Kisha mkalishe mzee asome kwa sauti huku ukimrekodi. Watoto wa askari wa Burma wengi wao sasa ni wazee. Wao ndio wanaojua kuwa jina fulani katika salamu ni lakabu ya shangazi, na kwamba mahali palipotajwa palibadilishwa jina. Baada yao, hakuna chuo kitakachofumbua hayo.

Wakusanyaji nao wana wajibu ulio ndani ya uwezo wao. Anayemiliki bahasha yenye jina la askari wa Afrika Mashariki ana taarifa ambayo familia fulani imeikosa kwa miaka 80 au 100. Picha safi ya bahasha na ya barua iliyomo, ikitumwa katika hifadhi za nyaraka za taifa za Dodoma, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, haimpunguzii thamani ya mali yake. Bahasha yenye historia inayojulikana huuzwa vizuri zaidi kuliko isiyo nayo.

Na hifadhi za nyaraka za taifa zifungue dirisha kwa wananchi wa kawaida. Kwa sasa mtu wa kijijini huziona ni mahali pa majalada ya serikali na watafiti wenye vibali. Siku chache kila mwaka, mikoani, maofisa wawili wenye mashine ya kunakili wanaweza kupokea masanduku asubuhi na kuyarudisha jioni, pamoja na nakala na hati ya shukrani. Novemba, mwezi ambao mataifa huwakumbuka waliokufa vitani, ungefaa kuanzia.

Kazi hiyo inahitaji bajeti ndogo na nia kubwa. Serikali ambazo kila mwaka huweka mashada chini ya sanamu zisizo na majina zinaweza kuigharamia, na sisi wenye kalamu tuna wajibu wa kuzidai hadi zifanye.